Tour Iko ya Béa

Béa,

Kaa chini kwanza. Barua hii haisomwi mtu akiwa amesimama kama anayengoja pirogue ya kuvukia mto. Kaa, vua viatu, na usianzie mwisho. Ninakujua wewe, hata kitabu cha shule ulikuwa unakifungua kwa nyuma.

Umevuka mto kwenda kusukwa nywele na kuaga rafiki zako. Umesema utarudi kabla jua halijazama. Saa hii ni saa tisa. Donc nina saa tatu, na mkono wangu wa kuandika ni wa darasa la tatu kwa masista, unatembea polepole kama mtu mwenye kidonda kisiginoni. Ukiona kosa, nyamaza. Wewe umesoma, lakini aliyekusomesha ni mimi, bibi yako.

Sitakuambia uvae nini kule Kinshasa unakokwenda kesho kusoma, wala ule nini, wala umwogope nani. Kama hayo huyajui mpaka leo, basi miaka kumi na tisa nilikuwa ninafuga mbuzi ndani ya nyumba. Ninaandika juu ya kitu kimoja tu. Ninaandika juu ya tour, ile mashine yetu ya kukereza miti.

Najua umeshakunja uso. Kunja. Endelea kusoma.

Tangu Jumapili sisi wawili hatusemi. Ni "ndiyo, Koko", "hapana, Koko", "chakula kimeiva, Koko", kama mpishi wa mapadri. Jumapili ulikuja kwa adabu yote, ukapiga magoti kando ya meza ya kazi, ukasema: "Koko, naomba nibebe tour. Kule institut iko matour makubwa ya chuma, lakini jioni nitataka kukereza miti na yangu." Ulisema "yangu". Neno lilikuponyoka. Na mimi nikalidaka kama paka: "Yako? Nani alikupa? Ngoja nikufe kwanza!" Ukainuka, ukapangusa magoti, ukaenda kuosha sahani ambazo zilikuwa zimeshaoshwa.

Bon. Leo ninajibu vizuri. Nitaanzia mbali, na nitaandika hata yale unayoyajua, kwa sababu siku moja mtoto wako atakuuliza chuma hiki kilitoka wapi, na mimi sitakuwapo nimjibu.

Mzee wangu, yaani mume wangu, koko wako Ambroise, alikuwa mekanisien wa bateau za abiria, zile meli kubwa zilizokuwa zinashuka mpaka Kinshasa na kupanda tena. Ulimjua akiwa mtu wa atelier, karakana yetu hii, hukumjua akiwa mtu wa mto. Alikuwa anarudi nyumbani ananuka mafuta ya mazuti mpaka kwenye mto wa kulalia. Kisha bateau zikaanza kufa. Moja ikalala ukingoni, ya pili ikaja kulala kando yake, na kutu ikazila zote mbili. Mzee akabaki nyumbani. Mwanaume asiye na kazi ni kama kabati lililowekwa katikati ya mlango: kila unapopita unaligonga. Tuligongana sana mwaka ule.

Ng'ambo, upande wa mjini, kulikuwa na mzungu mmoja injinia, anafunga mizigo arudi kwao. Alikuwa na mashine ndogo ya kukereza, ile sisi tunaiita tour, ndefu kama mkono wangu kutoka begani. Alikuwa anatengeneza nayo bateau ndogo za mti za kuweka juu ya kabati. Mtu mzima, ana ndevu, anatengeneza bateau ya kuchezea! Mzee aliponiambia nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka. Alikuwa amemtengenezea mzungu jenereta yake mara nyingi, na mzungu akamwachia ile tour. Mzee akavuka nayo mto ameipakata magotini, ameifunika kwa shati lake, kifua wazi, kama mtu aliyetoka maternité na mtoto. Watu wote wa Lubunga, upande wetu huu wa mto, walimwona. Mimi nikaingia ndani kwa haya.

Haikupita miezi miwili, moto ukaila motor yake. Unajua courant yetu, umeme wa huku: ikija inakuja kama ina hasira, ikikosa inakosa wiki. Mzee akakaa siku tatu anaiangalia tour, chakula hagusi. Siku ya nne nikarudi sokoni, nikakuta kichwa cha cherehani yangu kimewekwa chini, juu ya gazeti, na miguu ya cherehani haipo.

"Ambroise! Cherehani yangu iko wapi?"

"Iko inafanya kazi."

"Kazi ya nani?"

"Ya bateau."

Alikuwa amechukua pedali, gurudumu na mkanda, akavifunga chini ya meza ili vizungushe tour. Nilimtukana, Béa. Nilianzia baba yake kule kijijini Yanonge, nikapanda mpaka kwa babu zake waliozikwa. Aliningoja nimalize. Akasogeza kiti. Akasema: "Bon. Sasa kaa, ukanyage."

Na mimi nikakaa. Mpaka leo sijui kwa nini nilikaa.

Hivyo ndivyo kazi yetu ilivyokuwa, zaidi ya miaka ishirini. Yeye mikono, mimi miguu. Mtu mmoja anaweza kukanyaga na kukereza peke yake, ndiyo, wewe unafanya hivyo. Lakini mzee alisema mwili wake ukikanyaga mkono unacheza, na kwa vitu vidogo vile mkono hauruhusiwi kucheza. Mwanzoni alikuwa ananiambia "polepole", "kimbiza", "simama". Baada ya mwaka hakusema tena. Nilikuwa ninasikiliza patasi. Mti ukiimba, ninaongeza. Ukinguruma, ninapunguza. Ukinyamaza ghafla, ninasimamisha gurudumu kwa kiganja, maana patasi imeng'ata vibaya na kitu kitaruka.

Tulitengeneza zile bateau zilizokufa. Zote, kama zilivyokuwa, na ghorofa zake. Bomba la moshi la mti mweusi. Vile vigingi vifupi vya kufungia kamba, tulivikereza kwa mpera, kwa sababu mpera haupasuki. Na nguzo za ukingo wa juu, zile abiria wanaziegemea, nguzo hamsini na mbili kwa bateau moja, kila moja kama kidole cha mtoto. Nguzo ya kwanza mtu yeyote anaweza kuitoa. Ya pili ifanane na ya kwanza, hapo ndipo fundi anajulikana. Mzee alikuwa anazisimamisha zote mezani kwa mstari, anapiga magoti, anazitazama kwa jicho moja, na ile iliyonenepa kidogo anaitupa kwenye jiko langu. Mchuzi wako mwingi uliiva kwa nguzo za bateau.

Watu walikuwa wanakuja, mapadri, wafanyabiashara wa Kivu wenye maduka, wageni. Wanaangalia, wanasema: "Papa Ambroise, weye uko na mikono!" Hakuna aliyeuliza miguu ni ya nani. Nilikuwa ninaweka maji mezani, ninarudi jikoni, na moyoni ninasema: ungeijua hiyo bateau vizuri, ungejua inatembea kwa miguu yangu. Lakini kwa mdomo sikusema.

Kisha ukaja wewe. Mama yako alikuacha kwangu una meno mawili, akamfuata bwana wake mpaka mji wa Buta. Sitamsema, unampigia simu, muulize mwenyewe. Ulikuwa unalala ndani ya beseni la maranda chini ya meza, kando ya mguu wangu, na pedali ikisimama unaamka unalia. Nilikanyaga siku nyingine bila kazi yoyote, gurudumu tupu, ili wewe ulale. Hiyo ulikuwa huijui.

Ulipofika miaka kumi na miwili mkono wa mzee ukaanza kutetemeka. Akakupa patasi. Unakumbuka ule mlingoti? Mti mrefu, mwembamba kama sindano ya kusukia, na ukiwa mrefu hivyo unacheza katikati, unapiga kama kamba ya watoto ya kuruka. Mzee alikuwa anakaza mkia wa tour, ile ncha inayoushika mti upande wa pili, ili uuminye mti usicheze. Akikaza, mti unapinda zaidi. Ilivunjika mitatu siku ile. Wewe ukasema, "Koko, ngoja," ukalegeza mkia robo mzunguko, ukaweka tone la mawese kwenye ncha, ukapitisha vidole viwili nyuma ya mti, ukavigusisha tu. Mti ukatulia. Ukaimba. Ukaushusha mpaka ukawa mwembamba kuliko wowote ambao mzee aliwahi kutoa, ukaung'arisha kwa jani la msasa, kisha kwa maranda yake wenyewe.

Mzee akaniangalia juu ya kichwa chako. "Véro, unaona?"

"Naona."

Niliona. Na sasa nitakuambia kitu ambacho hata kwa padri sikukisema: nilikuonea wivu. Mimi, mtu mzima, na mvi, nilimwonea wivu mtoto niliyemfuta kamasi. Kwa sababu miaka yote ile mzee hakuwahi kunipa patasi hata mara moja. Hata kushika tu. Nilikuwa ninangoja anipe. Ninakanyaga, ninangoja. Nilifikiri mtu aliyekuoa atakusoma usoni. Hakusoma. Pengine angenipa siku ileile ya kwanza, kama ningefungua mdomo huu unaofunguka kwa kila kitu isipokuwa kile ninachokitaka. Sikuomba, Béa. Wewe Jumapili uliomba, umepiga magoti, kwa maneno mazuri. Nilikukemea kwa kitu ambacho mimi mwenyewe sikuwa na nguvu ya kukifanya.

Na juu ya nywele pia niseme, kwa kuwa leo umeenda kusuka. Ilikuwa siku moja kabla ya komunyo yako ya kwanza. Ncha ya msuko ikashikwa na mti unaozunguka. Mzee alikata mkanda kwa kisu, mimi nikachukua makasi nikakukata misuko yote, kushoto na kulia, sikukuuliza hata kama umeumia. Ukaenda kanisani na kitambaa kichwani kama mjane. Na nikakuambia: "Tour haipendi wasichana." Uongo mtupu. Nilikuwa nimeona kichwa chako kinaelekea kwenye chuma. Mimi nikiogopa ninakuwa mkali. Watu wengine wakiogopa wanalia, wanapata pole. Mimi ninapata maadui.

Sasa tufike hospitali.

Unajua jinsi tulivyokuwa tunapokezana kumlinda mzee. Mgonjwa hapa hawezi kukaa bila mtu wake kando. Siku moja mimi, siku moja wewe, siku moja Gaspard, mdogo wake, aliyekuja kutoka Yanonge. Na unajua vilevile jinsi tunavyosema hapa Kisangani. Zamu hatuiiti zamu. Kwenye bomba la maji, kwa kinyozi, kwenye kitanda cha mgonjwa: tour yangu, tour yako. Mtu wa Tanzania angesema maneno mawili tofauti na mimi leo nisingekuwa ninaandika barua hii.

Ilikuwa siku yangu. Mzee alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. Nilikuwa ninakamua kitambaa cha kumfuta. Akafungua macho, akasema wazi kabisa:

"Véro. Tour iko ya Béa."

Nikamjibu: "Hapana, leo iko yangu. Béa iko na examen. Yake iko kesho."

Akatikisa kichwa. "Tour. Iko ya Béa." Polepole, kama anamwelewesha kiziwi.

Na mimi nikakasirika! Nilisema moyoni: huyu mwanaume nimemkanyagia mpaka magoti yamekwisha, leo ananibadilisha kama askari wa mlangoni. Amechoka na uso wangu, anataka mjukuu wake. Nikatupa kitambaa ndani ya beseni. "Bon, bon! Nitamwita." Akafumba macho. Sasa ninajua alifumba kwa sababu alifikiri nimeelewa. Uso wake ulitulia, Béa. Nami nikauchukia ule utulivu, nikavuka mto.

Nilikukuta unatoka shule. Sikukuacha hata uvue uniforme. "Nenda kwa mzee, anakutaka weye. Mimi hanitaki." Nilisema hivyo, unakumbuka, ninajua unakumbuka. Ukaenda na njaa. Na ni wewe uliyekuwa umemshika mkono alipotuacha, saa chache baadaye. Mimi nilikuwa hapa Lubunga, nimenuna, ninafua shuka. Kwa neno moja nilipoteza vitu viwili, mkono wake na maana yake.

Nilijua lini? Siku ya kuondoa matanga. Watu wamejaa uani, Gaspard ameketi katikati, anagawa. Msumeno kwa huyu, redio kwa yule, baiskeli irudi Yanonge. Mimi mjane, nimeketi chini kwenye mkeka, sina mdomo. Halafu akageuka kuelekea atelier, akauliza:

"Et le tour? Tour iko ya nani?"

Ilinipiga kama mchi. Sentensi ileile. Sauti ya mzee ilitoka ndani ya mdomo wa ndugu yake, na hapo hapo nikaelewa kile nilichoambiwa mara mbili na kukijibu kama mjinga mara mbili. Nikainua macho. Ulikuwa umesimama mlangoni, umeshika bakuli la mboga ya pondu kwa mikono yote miwili.

Nikasema: "Tour iko yangu."

"Shemeji," Gaspard akacheka, "mwanamke na tour, wapi na wapi?"

"Na miguu iko ya nani? Nani alikanyaga miaka yote ile? Weye? Uinue suruali, tuone hivyo vigimbi!"

Watu wakacheka, hata wale waliokuja kulia. Gaspard akainua mikono, akasema basi, shemeji, basi. Wewe ukaweka bakuli chini ukarudi jikoni. Ulifikiri Koko wako ameshinda. Nilikuona unatabasamu.

Siku ile nilikuwa na sababu. Ningesema ni ya mtoto, wangesema: vizuri, mtoto iko mudogo, sisi tutamutunzia. Na tour ingepanda pirogue mpaka Yanonge, ikalale chini ya kitanda cha Gaspard mpaka kutu iimalize. Ilikuwa sababu nzuri, ninaweza kuitaja mbele ya mtu yeyote. Lakini ilidumu mpaka wageni walipopanda pirogue zao. Asubuhi yake ulikuja atelier, ukaketi, ukaniuliza: "Koko, naweza kuitumia?" Hapo sababu ilikuwa imekwisha. Ningesema tu: kwa nini unaniuliza mimi? Maneno manne. Nikasema: "Tumia, lakini usiiharibu, iko yangu."

Miaka minne uliomba ruhusa kwa kitu chako. Kila siku. Na kila siku nilikupa ruhusa kama mtu mwenye moyo mwema.

Nitakuambia kwa nini, na niandike haraka kabla mkono haujakataa. Si uroho. Nilikuwa nimegundua kitu. Ukienda kwaya ng'ambo, ukienda kwa mama yako Buta wakati wa likizo, ukienda popote, rafiki zako walikuwa wanasema, "Lala huku, utaenda kesho," na wewe unajibu, "Hapana, bateau yangu haijaisha." Niliisikia kwa masikio yangu. Hukusema Koko yuko peke yake. Hukusema Koko ananingoja. Bateau. Donc nikapiga hesabu yangu ya darasa la tatu: anachorudia ni tour. Tour ikiwa yangu, na ikiwa kwangu, basi atarudi kwangu. Nikakufunga kwa mkanda wa mashine, na nikajisifu kwamba mtoto wangu anapenda nyumbani.

Ndiyo maana sikukuambia maneno ya mzee. Na ndiyo maana Jumapili nilipiga kelele vile. Si kwa sababu ulitaka kuchukua chuma. Ni kwa sababu mara moja niliona njia nzima ya mto mpaka Kinshasa, na wewe uko mwisho wake, na huku hakuna kitu kinachokuvuta.

Leo ulipovuka nilifunga mlango wa atelier. Nikaketi. Nikachukua patasi yako, ile ya mpini wa mpera, nikaiomba kwa sauti, peke yangu, kama kichaa: "Naomba." Nikaweka kipande cha mti, nikakanyaga, nikakereza. Mara ya kwanza, Béa, katika umri huu. Magoti yanalia, mikono inacheza, mti unanguruma na hakuna wa kunipunguzia mwendo, maana miguu nayo ni yangu. Imetoka nguzo moja. Nene, ina nundu upande mmoja. Mzee angeitupa jikoni bila kufumba jicho la pili. Lakini nimeijua ile harufu ya mti unapokuwa karibu na pua, na lile joto la maranda yanapoanguka juu ya vidole. Nimeketi miaka yote ile umbali wa mkono mmoja, sikuwa ninajua kwamba yana joto.

Kisha nikachukua ufunguo, nikaifungua tour yote. Kichwa chake nimekifunga na pagne yangu ya bluu, kile kitenge kizuri, usinirudishie. Mkia nimeupaka mawese na kuuingiza ndani ya soksi za mzee. Patasi nimezifunga moja moja na magazeti, na kile kibati chenye meno cha kupimia nguzo kiko ndani ya kitabu chako cha sala, kisipinde. Pedali ni nzito, inabaki. Kule mtu atakupatia motor. Bateau yako ambayo haijaisha iko kwenye sanduku la sabuni, nimeijaza maranda pande zote. Nguzo yangu haimo. Ile ninaiweka hapa, na usiniulize.

Vyote viko nyuma ya mlango wa atelier. Zaidi ya hivyo sikubakiza kitu. Nilitaka kubakiza japo mlingoti mmoja, nikauweka juu ya dirisha, nikauangalia, nikajua ninafanya nini, nikaurudisha sandukuni.

Mtu akikuuliza tour ni ya nani, huko Kinshasa, kwenye institut, popote, usiseme ni ya Koko. Sema ni yako, uliachiwa na mzee wako kwa mdomo wake, na aliyesikia ni mimi. Gaspard nitamwambia mwenyewe. Nitaenda Yanonge kwa ajili hiyo. Itanichoma, lakini nitasema mbele ya watu, kama nilivyodanganya mbele ya watu.

Kesho nitakusindikiza mpaka kivukoni. Nitamgombeza mwenye pirogue, nitasema mizigo imepangwa vibaya, nitasema umesukwa vibaya, hata kama umependeza. Usinijibu juu ya barua hii mbele ya wale wamama wa mihogo. Niache nipige kelele. Nikinyamaza mapema nitaanguka.

Jua limefika kwenye paa la jirani, na ninasikia kama sauti yako huko njiani, ingawa nimeisikia mara tatu tayari na haikuwa wewe. Hapa chini nilikuwa nimeandika neno "rudi". Nimelifuta, unaona wino umechafuka. Tour ingebaki, ungerudi, hilo ninalijua. Sasa siku utakayoshuka Lubunga hutakuta tour, hutakuta bateau, hutakuta hata kipande cha mpera. Utanikuta mimi tu na mdomo wangu. Béa, mwanangu, sijawahi kujua kama hiyo inatosha.

Koko wako,
Véronique